Wazo Si Amri

(Mazungumzo haya yalitolewa na mshauri nasaha mbele ya wanafunzi wa vyuo vikuu na wazazi wao, alasiri ya Ramadhan. Tumeyaacha kama yalivyosemwa, ila tumepunguza marudio.)



Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma karibu na mlango, nawashukuru kwa kufika. Nimeombwa nizungumze juu ya afya ya akili ya mwanafunzi wa chuo kikuu. Najua neno hilo likitajwa kwetu, mtu hufikiria Mathari, hufikiria yule anayeokota makaratasi barabarani. Leo sizungumzii hayo. Namzungumzia kijana anayeenda darasani kila siku, mama yake akipiga simu anajibu "niko sawa", na usiku halali.

Nianze na hesabu kidogo, kisha tuziache. Shirika la Afya Duniani lina mradi wa kuchunguza afya ya akili ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018, waliulizwa wanafunzi karibu 14,000 katika vyuo vikuu 19 vya nchi 8, Afrika Kusini ikiwa mojawapo. Asilimia 35 walionyesha dalili za angalau tatizo moja la akili katika maisha yao, kama vile huzuni nzito au wasiwasi uliopita kiasi. Asilimia 31 walikuwa nalo katika miezi 12 iliyotangulia. Yaani karibu mmoja kwa kila watatu. Kenya haikuwamo, kwa hivyo tusiichukue hesabu hiyo tukaibandika Nairobi au Eldoret. Lakini yanayowasumbua wetu mnayajua kuliko mimi: mkopo wa HELB haujaingia, karo haijaisha, alama za mtihani zimepotea na mwalimu hapatikani. Na kuna yule ambaye ndiye wa kwanza katika ukoo wao kuingia chuo kikuu, mtaa mzima ulimchangia, na sasa kila akifeli somo moja anaona amewafelisha watu mia.

Sasa swali langu ni hili. Wanafunzi wawili, chumba kimoja, shida ile ile. Mmoja anazama, mwingine anaumia lakini anaendelea. Tofauti yao ni nini? Sisi kwa haraka tutasema huyu ana moyo, yule hana. Watafiti hawakuridhika na jibu hilo, na mimi pia siridhiki nalo, maana halimsaidii aliyezama.

Jibu moja walilolichunguza sana wanaliita unyumbufu wa nafsi. Unyumbufu ni kule kupindika bila kuvunjika. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuwa na mawazo mazito na hisia chungu, akazitambua kuwa zipo, asizikimbie wala asizitii, na bado akafanya lile analoliona kuwa la maana katika maisha yake. Tafadhali msichanganye na ukigeugeu. Wale wa Lamu hapa wanajua kupiga bisho. Jahazi likikabiliwa na upepo wa mbele, nahodha hagombani na upepo wala harudi nyumbani. Anageuza tanga upande huu, baadaye upande ule, na bandari anayoiendea ni ile ile.

Aliyeijenga fikra hii zaidi ni Mmarekani, Steven Hayes. Mwaka 1978, akiwa mwalimu kijana wa saikolojia katika chuo kikuu kule North Carolina, alikuwa kwenye kikao cha idara, maprofesa wakubwa wakigombana. Akataka kusema neno, sauti isitoke. Moyo unamwenda mbio, pumzi hazitoshi. Mwalimu wa saikolojia huyo! Kwa muda wa miaka ipatayo mitatu alipigana na hofu hiyo, na kadiri alivyopigana nayo ndivyo ilivyozidi. Alipoacha kuifukuza ndipo alipoanza kupata nafasi ya kuishi. Baadaye yeye na wenzake wakaitengeneza tiba, na kitabu chao kikubwa cha kwanza kikatoka mwaka 1999. Kwa Kiswahili chetu naweza kuiita tiba ya kuikubali hali na kujifunga kutenda.

Kwa nini kufukuza wazo hakufai? Hapa tufanye jaribio. Ni saa kumi ya jioni na nyote mmefunga. Kwa dakika moja, nawaomba msifikirie sambusa. Msifikirie chai ya maziwa yenye iliki. Msifikirie hata harufu yake.

(Kicheko.)

Mnaona? Mwaka 1987 Daniel Wegner alifanya jaribio la namna hii na wanafunzi wa chuo kikuu huko Texas. Aliwaambia kwa dakika tano waseme kila linalowajia akilini, ila wasifikirie dubu mweupe, na dubu akija wagonge kengele. Kengele ililia mara nyingi. Kisha akawaruhusu wamfikirie. Wale waliokuwa wamejizuia kwanza wakamfikiria dubu kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Wazo ulilolifungia mlango huzunguka nyumba likarudi kwa dirishani.

Sasa muweke mahali pa dubu neno "nitafeli", au "mimi si wa hapa". Mwanafunzi anajaribu kutolifikiria. Haendi kwa somo ambalo humkumbusha. Hafungui ujumbe wa mwalimu. Analala mpaka adhuhuri. Anaangalia filamu usiku kucha, na wengine, tusijidanganye, wanatafuna miraa au wanavuta bangi, si kwa starehe bali ili kichwa kinyamaze. Kila kitu hapo kinafanya kazi kwa saa moja au mbili, ndiyo maana anarudia. Lakini maisha yake yanazidi kuwa membamba mpaka yanabaki kitanda na simu. Hilo ndilo wanaloliita ugumu wa nafsi, kinyume cha unyumbufu.

Na nyinyi ndugu zangu mnajua njia nyingine, kwa sababu mmeamka nayo leo. Aliyefunga hafukuzi njaa. Haambiwi ajifanye hana kiu. Njaa ipo, anaisikia, na bado anaenda darasani, anapika futari, anapanga mirundo ya maembe sokoni, kwa sababu kuna jambo analolithamini kuliko kuiondoa njaa ile saa ile. Watafiti hawakuichukua fikra yao kwenye saumu, nisiwapotoshe. Nasema tu kwamba mwili wenu unalijua jambo hili kabla ya kulisoma kitabuni.

Unyumbufu huu unapimwaje? Kipimo kilichotumika sana kilichapishwa mwaka 2011, kina maswali 7, na kila swali unajipa alama 1 hadi 7. Maswali yenyewe ni juu ya kama kumbukumbu na hisia zako zinakuzuia kuishi unavyotaka. Mwenye alama nyingi ndiye mwenye ugumu mwingi. Tafiti nyingi zilizotumia kipimo hiki kwa wanafunzi wa vyuo vikuu zimeona kwamba wenye alama nyingi ndio pia wenye huzuni na wasiwasi mwingi.

Lakini ngoja. Nyinyi ni wasomi, msimeze kila kitu. Mambo mawili kwenda pamoja hakuonyeshi lipi limezaa jingine. Huenda ugumu unaleta huzuni, huenda huzuni inamfanya mtu awe mgumu. Na wapo watafiti wanaokilaumu kipimo chenyewe, kwamba maswali yake yanapima dhiki ile ile wanayotaka kuilinganisha nayo. Ni kama kumpima mtu homa kwa vipimajoto viwili kisha ushangae vinakubaliana. Mimi naiona lawama hiyo ina haki. Kwa hivyo napenda zaidi tafiti ambazo watu walifundishwa kitu, kisha wakatazamwa kama wamebadilika.

Moja nitawapa mkaijaribu leo usiku. Mwaka 2004 Akihiko Masuda, Hayes na wenzao waliwachukua wanafunzi wachache wa chuo kikuu. Kila mmoja alitaja wazo baya analolifikiria juu ya nafsi yake, kisha akalifupisha liwe neno moja. Tuseme "mjinga". Akalirudia kwa sauti, haraka haraka, mjinga-mjinga-mjinga, kwa kama nusu dakika. Neno likaanza kupoteza ukali. Halikuwauma kama mwanzo, na hawakuliamini kama mwanzo. Hawakuambiwa wajisifu, hawakuambiwa "wewe ni mwerevu". Walisikia tu kwamba neno ni sauti. Njia nyingine nyepesi zaidi ni kuongeza maneno mbele yake. Badala ya "mimi sifai" useme "nina wazo kwamba mimi sifai". Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini kuna hatua moja sasa kati yako na wazo, na katika hatua hiyo unaweza kuamua.

Hapa Afrika Mashariki pia limejaribiwa, na kwa watu wenye mizigo kuliko ya HELB. Katika kambi ya wakimbizi ya Rhino, kaskazini magharibi mwa Uganda, wanawake 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Waliofundishwa walikutana kwa vikundi mara tano, saa mbili kila mara. Walisikiliza mafunzo yaliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, wakapewa kitabu cha picha, na walioongoza vikundi hawakuwa madaktari. Baada ya miezi mitatu dhiki yao ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao ambao hawakupata mafunzo hayo. Si muujiza, tofauti ilikuwa ya kiasi. Lakini mkumbuke vita vilikuwa vile vile na hema ni lile lile.

Na hapa kwetu Kenya, wanafunzi 413 wa shule za upili wenye dalili za huzuni au wasiwasi walichunguzwa katika utafiti uliotoka mwaka 2021, katika mpango uitwao Shamiri. Vikundi viliongozwa na vijana waliotoka tu kumaliza shule, kwa wiki nne. Wao hawakuliita somo lao unyumbufu, walifundisha pia shukrani na imani kwamba mtu anaweza kukua. Lakini sehemu moja ilikuwa kuandika mambo unayoyathamini na jinsi ya kuyaishi, na hilo ni ndugu wa haya tunayoyasema. Wanafunzi hao walipata nafuu kuliko wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Vijana, mmesikia nani aliongoza? Watu wa umri wenu.

Sasa wazazi. Kijana anasema, "Mama, nimechoka na chuo." Sisi tunajibu, "Umechoka? Sisi tulienda shule bila viatu!" Au "jikaze kisabuni". Au tunamwambia imani yake ni dhaifu. Tunadhani tunamtia nguvu, kumbe tunamfundisha kuficha, na mmeona kwa dubu kuficha kunafanya nini. Mtume (S.A.W.) alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim, na hakuna aliyesema alikosa subira. Tena Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya maslahi ya mwili na nafsi. Humo alitenga huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyojulikana sababu yake, ambayo aliihusisha na mwili na kuitakia tiba ya mwili. Alishauri pia kwamba kama mtu anavyoweka dawa nyumbani kabla ya ugonjwa, aweke mawazo mema akiwa ametulia ayatumie siku ya dhiki. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita! Basi mtoto akisema amechoka, mwambie, "Niambie," kisha unyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu.

Lipo jambo ambalo sitaki mtu aondoke hapa bila kulisikia. Haya ya kurudia neno na kuandika unayoyathamini si dawa ya kila kitu. Kijana asiyekula wala kulala kwa wiki mbili, asiyejali tena alichokipenda, anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au anayezungumzia kufa, huyo anahitaji daktari, na huenda akahitaji dawa kama mwenye kisukari anavyohitaji yake. Mkiwa na shaka na mwenzenu, muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Watu huogopa kwamba kuuliza kutampandia wazo hilo. Tafiti hazikuona hivyo. Zamani watu walificha pia kwa kuogopa polisi, maana kifungu cha 226 cha sheria zetu za jinai kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kifungo hadi miaka miwili. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Kwa hivyo msimfiche mgonjwa. Kampeleke hospitali, au muanze na ofisi ya ushauri nasaha ya chuo. Msalaba Mwekundu wa Kenya wana nambari ya bure, 1199. Na usiku huo usimwache chumbani peke yake.

Naona wakati unakwenda na kina mama wanataka kwenda jikoni. Dakika zilizobaki ni za maswali. Anayeona haya kuuliza mbele ya watu aandike kwenye karatasi, bila jina, aipitishe mbele.