Nani Anaiongoza Mashine?

*Hotuba iliyotolewa Whitehall kwenye sherehe za Uhuru*



Kamati imeniomba nizungumzie vijana wetu na teknolojia vyuoni. Mimi ni muuguzi, si fundi wa kompyuta, lakini siku hizi kazi yangu yote inapita humo.

Nianzie nyumbani. Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilitegemea wataalamu wa kigeni, mahesabu yakavurugika, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mlimani walichukua njia nyingine. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kituo chake cha kompyuta mwaka 1979. Baadaye walimu wake walishirikiana na Chuo Kikuu cha Oslo na Wizara ya Afya kuingiza kwenye kompyuta taarifa za MTUHA, yale madaftari makubwa ambayo kila muuguzi wa zahanati anayajua.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwalimu ndiye anayejua mwanafunzi anakwama wapi. Muuza programu hajui.

Nilipokuwa nikisomea digrii ya uuguzi hapa Marekani, darasani kulikuwa na mashine za dripu zinazojihesabia. Mwalimu wetu alikataa tuziwashe wiki za mwanzo. Lita moja, saa nane, seti ya matone 20 kwa mililita: tafuta kwa mkono. Ni matone 42 kwa dakika. Tulinung'unika sana! Leo mashine ikilia usiku wa manane, natambua kama namba yake ni ya kweli. Hapo ni uhai wa mtu.

Vijana wa Columbus, Louisville na Buffalo, mnapochagua chuo msiulize tu kompyuta ni ngapi. Ulizeni kama walimu wana sauti katika kuzichagua. Hapa jirani, Ohio State ina Seneti ambamo walimu na wanafunzi hukaa pamoja na uongozi. Viti hivyo ni vyenu pia, vigombeeni. Nanyi wazazi, mkitembelea chuo, ulizeni bila haya.

Mwaka 1961 tulitaka kujiamulia mambo yetu wenyewe. Mashine isije ikatuamulia.

Uhuru na Umoja.