Kichwa Gani cha Risasi? Mada kwa Askari wa Wanyamapori wa Vijiji vya Kandokando ya Bwawa la Mtera



Nimepewa nafasi ya kuzungumzia uchaguzi wa risasi za bunduki za kujilinda. Bunduki zenyewe nitazigusa kidogo tu, maana nyingi mmekabidhiwa, hamkuzichagua. Nataka tukiangalie kichwa cha risasi, kile kipande cha metali kinachotoka mtutuni, kwa sababu katika vifaa vyote mnavyobeba ndicho pekee kinachomgusa mnyama. Nasema hivi tangu mwanzo ili anayetaka kunipinga ajiandae: kwa kazi ya hapa Mtera, kichwa kinachopenya kwa kunyooka mpaka ndani kina thamani kuliko kichwa kinachopasuka kwa kishindo karibu na ngozi. Kiboko aliyejeruhiwa usiku akarudi majini, kesho yake asubuhi anamsubiri mvuvi asiyejua lolote.

Mazingira yetu mnayajua, lakini kwa wageni niyaseme. Bwawa hili lilikamilika mwaka 1980, litunze maji ya Ruaha Mkuu na Kizigo kwa ajili ya mitambo ya Kidatu huko chini. Mitambo ya hapa Mtera penyewe, ya megawati 80, ilianza kazi mwaka 1988. Maji yake hayatulii. Yakipungua, kama yalivyopungua vibaya mwaka 2006, ardhi yenye rutuba inabaki wazi na watu wanaifuata kwa jembe. Kiboko naye hutoka majini usiku kutafuta majani, akakuta njia yake ya jana imepandwa mahindi. Upande wa Pawaga, tembo huingia kutoka Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kupitia ardhi ya MBOMIPA, ile jumuiya ya vijiji 21 vya Idodi na Pawaga. Mamba wapo. Simba hufuata mifugo.

Katika hali hiyo askari wa kijiji si mwindaji. Mwindaji huchagua saa, hungoja mnyama ageuke ubavu, na asiporidhika huahirisha. Ninyi mnaitwa saa nane za usiku na mama anayepiga kelele, tochi moja, mnyama amewaelekea uso kwa uso, umbali wa hatua kumi na tano. Vitabu vingi vya risasi vimeandikwa kwa ajili ya yule wa kwanza. Ndiyo maana ushauri wake ukiuchukua kama ulivyo unaweza kukuponza.

Kujaza risasi wenyewe

Marekani na Afrika Kusini wapo wengi wanaojaza risasi zao nyumbani. Huokota ganda lililokwisha kupigwa, wakaweka fataki mpya, wakapima baruti, kisha wakabana kichwa walichokichagua. Wanafanya hivyo kwa kuwa kiwanda huwapa aina chache za vichwa, nao wanataka kile kinachoifaa bunduki yao na mnyama wao. Nimeulizwa mara nyingi kama nasi tufanye vivyo hivyo. Jibu langu ni hapana, na la kwanza ni la kisheria: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kuunda silaha wala risasi bila kibali.

La pili ni la kiufundi. Kichwa cha shaba tupu ni kirefu kuliko cha madini ya risasi chenye uzito uleule, kwa kuwa shaba ni nyepesi. Kwa kila sentimita moja ya ujazo, madini ya risasi yana uzito wa gramu 11.3 na shaba gramu 8.9. Kichwa kirefu huingia ndani zaidi ya ganda na kula nafasi ya baruti. Mtu akibadilisha kichwa akaacha kipimo cha baruti kilekile, shinikizo hupanda kupita uwezo wa chemba, na chemba hiyo iko sentimita chache kutoka kwenye jicho lake. Wanaojua kazi hii huanza na kipimo kidogo, wana mizani, na wana majedwali ya mtengenezaji wa baruti. Sisi hatuna hata kimoja.

Lakini tusijidanganye kwamba kujaza kwa mkono hakupo kwetu. Gobori ni nini? Kila mlio wa gobori umejazwa na mwenyewe: baruti aliyokisia kwa kiganja, kitambaa, kisha kipande cha nondo au goroli. Kipande cha nondo kina ncha mbili butu zisizolingana. Kikitoka mtutuni kinajigeuza hewani, kinampiga mnyama kwa ubavu, na kinaishia kwenye nyama ya juu. Tembo wa namna hiyo haanguki. Anaondoka na jeraha linalooza, na atakayekutana naye wiki ijayo hatajua kwa nini tembo huyu hakimbii watu. Nikisema uchaguzi wa kichwa cha risasi ni suala la usalama wa kijiji, namaanisha hasa hapo.

Kigumu na laini

Vichwa vya viwandani tuvigawe mafungu mawili. Kichwa laini kina ganda jembamba la shaba na moyo wa madini ya risasi, na ncha yake iko wazi. Kikigonga nyama kinatanuka, njia yake inakuwa pana, na mwendo wake unakwisha mapema. Kichwa kigumu hakibadiliki umbo. Ama kimefunikwa chuma na shaba mpaka puani, ama chote ni shaba au shaba nyeupe tupu, na kazi yake ni kwenda mbele tu. Siku hizi kuna vya katikati: vichwa laini ambavyo moyo umegandishwa na ganda lake visiachane, na vichwa vya shaba tupu vyenye tundu puani vinavyofunguka bila kumeguka.

Kinachoamua upenyaji ni uzito ukilinganishwa na upana, pamoja na kudumu kwa umbo. Katika hilo hakuna mfano bora kuliko Walter Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne iliyopita. Aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7 iliyotupa kichwa cha gramu 11 tu. Kichwa hicho kilikuwa kirefu, chembamba na kigumu, na Bell alikuwa amepasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ajue ubongo umelala wapi. Lakini asimwige mtu hapa. Bell aliwanyatia tembo waliotulia, mchana, akachagua pembe. Tunachokichukua kwake ni kwamba kichwa chepesi kilichofika kilifanya kazi ambayo kikubwa kilichopasuka njiani kisingeifanya.

Sasa linganisheni na silaha mnazozijua. Kwa vipimo vya kiwandani, .375 Holland & Holland, iliyotoka mwaka 1912, hutupa kichwa cha gramu 19.4 kwa nguvu ya jouli kama 5,700. .458 Winchester, ya mwaka 1956, hutupa gramu 32.4 kwa jouli zaidi ya 6,000. Bunduki ya kivita ya milimita 7.62 ya aina ya AK hutupa gramu 8 kwa jouli kama 2,000, na kichwa chake kimechongoka. Kichwa kilichochongoka kikiingia mwilini hupoteza mizani, kikageuka na kwenda upande usioutazamia. Kilibuniwa kwa ajili ya binadamu mwenzako, na kumpeleka askari mbele ya kiboko akiwa na silaha hiyo peke yake ni kumtoa mhanga.

Kwa tembo na kiboko wa nchi kavu, kichwa kiwe kigumu. Hapa sitaki kubabaisha. Fuvu la tembo mbele ni mfupa wenye vijumba vya hewa kama sega la nyuki, na ubongo uko nyuma kabisa. Kichwa laini kinamalizikia katika vijumba hivyo. Ngozi ya kiboko inaweza kufika unene wa sentimita 5 kabla hujafika kwenye nyama, na dume mzima anaweza kupita kilo 1,500. Ukichuna bega la kiboko aliyepigwa kwa kichwa laini, utakikuta kimebonyea, kimepanuka mara mbili ya kipenyo chake, kimesimama chini ya ngozi au katika misuli ya juu, na vipande vya madini ya risasi vimetapakaa pembeni. Kigumu hukikuti. Unakuta tundu la kuingilia na, upande wa pili, tundu la kutokea. Na katika vigumu, chagueni chenye pua iliyokatwa bapa kuliko cha pua ya mviringo, kwa kuwa cha bapa hushika njia yake vizuri zaidi ndani ya mwili na mfupa.

Kwa simba hali inageuka. Simba ana kilo 150 hadi 200 hivi, mwili wake mwepesi, na kichwa kigumu humpita kama hakuna kitu, naye anaendelea kuja. Huyo anahitaji kichwa laini, na kama kipo, kile kilichogandishwa. Mamba ni suala la kulenga kuliko la kichwa. Ubongo wake ni mdogo mno, na aliyekoswa huzama.

Je, askari mwenye bunduki moja asiyejua usiku huu ataitiwa nani? Mimi namshauri ajaze kigumu, na laini iwe mfukoni pembeni, mfuko wake peke yake. Simba aliyetobolewa na kigumu bado ameumizwa. Tembo aliyepigwa laini usoni amekasirishwa tu. Wapo wenzangu wanaotaka risasi ya kwanza iwe laini na zinazofuata ngumu, na katika nyati hoja yao ina uzito. Kwa Mtera siikubali.

Ziwa liko nyuma ya shabaha

Kigumu kina gharama yake. Kinachotoboa kiboko hakisimami hapo. Kichwa cha bunduki kubwa kinaweza kwenda kilomita kadhaa, na sisi tunapigia ufukweni, penye kambi za wavuvi na mitumbwi yenye karabai. Zaidi ya hayo, risasi ikigonga maji kwa pembe ndogo haizami. Huteleza juu ya uso wa maji ikapaa tena, na hakuna ajuaye itatua wapi. Ndiyo maana nasisitiza: usipige kuelekea ziwani usiku. Zunguka ukae upande wa maji ikiwa unaweza bila kumkatia kiboko njia ya kurudi, au piga ukiwa umesimama juu, kwenye kingo, risasi ishuke ardhini. Ukishindwa vyote viwili, piga hewani na bati zigongwe. Mahindi ya ekari moja yanahesabika. Mtoto aliyelala kambini ng'ambo hana mbadala.

Lingine ni nyama. Mnyama akiuawa kwa kulinda uhai au mali, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka taarifa itolewe, na nyara ni mali ya serikali. Nyama, tunajua sote, mara nyingi huliwa kijijini. Kichwa laini cha madini ya risasi huacha vumbi na chembe mbali na jeraha, ambazo jicho halizioni, na madini hayo ni sumu, kwa watoto hasa. Tumbusi wanaobaki na utumbo nao wanazila. Jimbo la California liliyapiga marufuku madini hayo katika uwindaji wote mwaka 2019. Vichwa vya shaba havina tatizo hilo, nami ningependa manunuzi yajayo yaelekee huko. Mpaka hapo, ikatwe na kutupwa nyama yote iliyo jirani na jeraha, si ile iliyovilia damu pekee.

Risasi isiyolia

Kichwa bora ndani ya risasi mbovu ni uzito wa bure mfukoni. Mwaka 1898 huko Tsavo, mhandisi wa reli aitwaye Patterson alikuwa ana kwa ana na mmoja wa simba waliokuwa wakiwala wajenzi wa reli. Alikuwa na bunduki kubwa aliyobadilishana na mwenzake na hakuwahi kuijaribu. Alivuta kifyatulio, haikulia. Aliokoka kwa bahati. Na Jack Lott, aliyejeruhiwa na nyati Msumbiji mwaka 1959, baadaye alibuni risasi yake mwenyewe, .458 Lott, kwa kuwa ile ya .458 Winchester haikumridhisha. Baruti ya .458 Winchester ilikuwa imebanwa sana gandani, na zilizokaa muda mrefu ziliganda bonge, zikaungua nusu na kutupa kichwa bila nguvu.

Hilo lituguse. Stoo zetu nyingi ni chumba cha bati, na joto la Oktoba hapa halisemeki. Risasi ikae sakafuni penye kivuli, ndani ya sanduku lake, mbali na paa. Kila mwezi itolewe itazamwe moja moja: kutu ya kijani kwenye ganda, fataki iliyobonyea, kichwa kinachocheza ukikishika kwa vidole. Yenye dosari irudishwe kwa ofisa, isibaki mkandani kwa kuwa ni ya mwisho. Kisha ipitishwe kwenye magazini na chemba mchana, mtutu ukielekea pasipo na watu, maana pua bapa ninazozisifu hukwama katika baadhi ya bunduki, na afadhali ulijue hilo mchana.

Naomba semina ijadili mambo mawili. Kwanza, kila kituo kiwe na daftari: tarehe, mnyama, umbali, aina ya kichwa, kilipoingia na kilipokomea, na vichwa vinavyopatikana wakati wa kuchuna vipimwe na vihifadhiwe, ili mwakani tuagize kwa ushahidi wetu wenyewe. Pili, halmashauri zitenge risasi za shabaha, walau tano kwa kila askari kabla ya mvua za Desemba, za aina ileile atakayoibeba kazini. Sasa hivi wapo askari ambao mara yao ya kwanza kusikia mlio wa .458 itakuwa mbele ya mnyama.