Bendera zilibadilika, jamaa ni moja
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa wanamemba, Kolwezi)



Watoto waliozaliwa Angola na Zambia wanatuulizaka: inchi yetu ilikuwa na bendera ngapi? Tuhesabu pamoja.

Ya kwanza ni ya bluu, nyota moja ya manjano katikati. Ilikuwa ya shirika la Mfalme Léopold II, 1877. Alipopata Congo mwaka 1885 akaipandisha huku, na Ubelgiji ulipochukua inchi mwaka 1908 haukuitupa. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, ziliongezwa nyota sita ndogo, moja kwa kila provinsi. Siku 11 tu kisha, Tshombe akatangaza Katanga inajitenga. Drapo yake ilikuwa nyekundu, kijani na nyeupe, na misalaba mitatu ya shaba. Ilianguka Januari 1963, na wengi katika maaskari wake wakapita hapa Kolwezi wakielekea Angola.

Miaka ile ile, bendera ya Congo ikapata mstari mwekundu. Mwaka 1971 Mobutu akaleta ya kijani, mkono umeshika mwenge, na Katanga ikaitwa Shaba. Ni chini ya mwenge ule vita iliingia Kolwezi, Mai 1978, na batu maelfu wakavuka mpaka. Mwaka 1997 Mzee Kabila akarudisha nyota sita. Ya leo, ya 2006, imerudia mstari mwekundu.

Basi katika familia moja, babu alitoka chini ya misalaba, baba chini ya mwenge, na mtoto amerudi chini ya bendera nyingine tena. Lakini ninasikia wengine wananongona: "Yule ni mjukuu wa jandarme, asipewe." Hapana, bandugu. Hakuna mtoto aliyechagua drapo yenye kupepea siku wazazi wake walifunga mizigo. Ikiwa ni msiba, ao masomo, ao unga, fomu yetu iulize shida ya mutu, isiulize alikimbia chini ya bendera gani.

Kuna pia wenye kutaka tuchore msalaba wa shaba kwenye kadi. Msalaba ule ni wa zamani sana kuliko Tshombe: wafua shaba wa inchi hii waliumimina katika udongo, na batu walilipa nao mali ya bibi-arusi. Ni haki watoto wajue. Lakini kwa wengi unakumbusha kujitenga. Machi 2013 wenye silaha waliingia Lubumbashi wakidai uhuru wa Katanga, na batu walikufa. Mwanamemba akisumbuliwa barabarani kwa ajili ya kadi yetu, nani atamtoa?

Tuusimulie nyumbani. Kwenye kadi, jina la chama linatosha. Mambo haya mawili, fomu na kadi, ninaomba tuyapigie kura leo.