Kompyuta Binafsi na Kinga Yake: Je, Tununue Antivirasi?



Mtu akinunua kompyuta, swali lake la kwanza huwa: niweke antivirasi gani? Muuzaji ana jibu tayari, na mara nyingi jibu hilo lina bei. Ninachokusudia kukitetea jioni hii ni kwamba swali hilo limeanzia pasipofaa. Kompyuta yenye mfumo endeshi wa kisasa huja na kinga ndani yake, na kwa mtumiaji wa kawaida kinga hiyo inatosha. Kinachokosekana katika kompyuta zetu nyingi ni masasisho, programu halali na nakala za akiba. Anayenunua antivirasi huku akiyaacha hayo ametoa fedha, na hatari imebaki palepale.

Tuanze na uwezo wa programu za antivirasi na mpaka wake. Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, Basit na Amjad Farooq Alvi, walitoa Brain, kirusi kinachohesabiwa kuwa cha kwanza kuenea katika kompyuta za aina ya IBM PC. Kilisafiri kwa disketi, polepole, kutoka mkono hadi mkono. Kwa zama zile mbinu ya antivirasi ilikuwa ya busara: mtaalamu anakinasa kirusi, anaichukua alama yake ya pekee na kuiingiza kwenye orodha, na kila kompyuta yenye orodha hiyo inakitambua. Udhaifu wa mbinu hiyo ni kwamba lazima wapatikane wa kuumia kwanza. Leo antivirasi haitegemei orodha peke yake. Huchunguza pia mwenendo wa programu inapofanya kazi. Hata hivyo, upo mpaka ambao ufundi hauwezi kuuvuka. Katika maandishi yake ya mwaka 1984, Fred Cohen wa Marekani alionyesha kwamba haiwezekani kuunda programu ya kubaini kila kirusi bila kukosea. Hoja yake ni fupi. Tuseme programu hiyo ipo. Mtu anaweza basi kuandika programu nyingine inayoiuliza ile ya kwanza, "Je, mimi ni kirusi?" Ikijibiwa ndiyo, inatulia bila kuambukiza chochote; ikijibiwa hapana, inaambukiza. Jibu lolote litakalotolewa ni kosa. Kwa hiyo tangazo linaloahidi ulinzi wa asilimia mia linaahidi kile ambacho mantiki imekikataa.

Kama kutambua kuna mpaka, inabaki kuziba mianya ambayo adui huipitia. Mwaka 2017 ulitupa ushahidi wa wazi. Tarehe 14 Machi Microsoft ilitoa sasisho la kuziba mwanya katika sehemu ya Windows inayoshughulikia kushirikiana faili kwenye mtandao. Tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, programu ya WannaCry ilianza kuenea kwa kupitia mwanya huohuo, ikizifunga faili za watu na kudai malipo ili zifunguliwe. Katika siku chache iliathiri zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150, na hospitali za umma za Uingereza zikafuta miadi ya maelfu ya wagonjwa. WannaCry haikuhitaji mtu abofye chochote. Kompyuta iliyokuwa imesasishwa haikuweza kuingiliwa kwa njia hiyo, iwe na antivirasi ya kulipia au isiwe nayo. Wataalamu wanalielewa jambo hili, lakini elimu hiyo haijawafikia wengine. Utafiti wa Google wa mwaka 2015 uliwauliza wataalamu wa usalama na watu wa kawaida mambo wanayoyatanguliza katika kujilinda. Antivirasi ilitajwa na asilimia 42 ya watu wa kawaida, na asilimia 7 tu ya wataalamu. Kusasisha kulitajwa na asilimia 35 ya wataalamu, na asilimia 2 tu ya watu wa kawaida. Pengo hilo ndilo linalonifanya nisimame mbele yenu.

Najua mapingamizi yatakayoletwa. La kwanza ni kwamba kinga inayokuja na Windows ni ya bure, kwa hiyo ni dhaifu. Pingamizi hilo lilikuwa na ukweli zamani: Microsoft Security Essentials, iliyotolewa mwaka 2009, ilikuja kupata alama duni katika majaribio. Lakini tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kinga imo ndani ya mfumo wenyewe kwa jina la Defender, na miaka ya karibuni maabara huru ya AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, imekuwa ikiipa alama zinazolingana na za bidhaa nyingi za kulipia. La pili ni kwamba kuongeza hakudhuru. Kunaweza kudhuru, na sana, kwa sababu antivirasi hupewa mamlaka makubwa juu ya mashine. Aprili 2010 sasisho la antivirasi ya McAfee liliishika faili halali ya Windows XP likidhani ni kirusi, na kompyuta nyingi zikawa zinajizima na kujiwasha bila kukoma. Mwaka 2016 Tavis Ormandy wa Google alifichua mianya katika bidhaa za Symantec na Norton: kumtumia mtu barua pepe kungetosha kumshambulia, kwani antivirasi yenyewe ingeifungua ili kuichunguza. Mwaka 2020 kampuni ya antivirasi ya Avast iliifunga kampuni yake tanzu, Jumpshot, baada ya kufichuka kwamba iliuza taarifa za tovuti walizotembelea watumiaji. La tatu latoka upande wa pili: mtu mwangalifu, hasa mwenye Mac, hahitaji kinga yoyote. Mwaka 2012 programu hasidi ya Flashback iliambukiza Mac zipatazo 600,000, na waathirika wengi walitembelea tu tovuti iliyochezewa. Mwanya uliotumika ulikuwa katika Java. Ulikwisha kuzibwa na Oracle, wenye Java, ila sasisho lilichelewa kuwafikia wateja wa Apple. Uangalifu peke yake haukuwasaidia.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee. Mwanafunzi hupeleka flashi steshenari kuchapa kazi yake, nayo huchomekwa kwenye kompyuta iliyokwisha kupokea flashi za mtaa mzima, kisha hurudi na folda zilizofichwa na faili asizozijua. Mara nyingi kompyuta kama hiyo huwa na Windows iliyokrakiwa. Programu ya kukraki humtaka mtumiaji aizime kinga kwanza. Naye huizima, akaipa programu ya mtu asiyemjua mamlaka yote, halafu akaenda kutafuta antivirasi, nayo pia ya kukraki. Kikulacho ki nguoni mwako. Wengine huzuia masasisho ili yasimalize bando. Sitayapuuza mazingira yanayowasukuma: bei ya leseni na ya data ni nzito kwa kipato cha wengi. Lakini njia zipo. Mfumo endeshi wa Ubuntu na programu za ofisi za LibreOffice hazilipiwi, na husasishwa kihalali. Chuo chenye Wi-Fi kinaweza kutenga saa za kusasisha kompyuta za wanafunzi. Mhadhiri anaweza kupokea kazi kwa barua pepe, flashi ikapumzika. Naye mnunuzi wa kompyuta ya mtumba aulize kwanza kama mfumo wake bado unasasishwa, kwani huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na hakuna antivirasi itakayoziba mianya ya mfumo ulioachwa na mtengenezaji wake.

Ofisi yenye mamia ya kompyuta ina sababu ya kununua zaidi, kwa kuwa inahitaji kuzisimamia zote kutoka mahali pamoja. Mwenye kompyuta moja aiache Defender ikifanya kazi, asasishe mfumo na kivinjari, asiweke programu asiyojua ilikotoka, na anakili kazi zake kwenye diski ya nje anayoichomoa akimaliza. Fedha ya antivirasi ikinunua diski hiyo, itamfaa hata siku ambayo kinga zote zimeshindwa. Kwa kuwa Cohen ametuonyesha kwamba siku hiyo haiwezi kuondolewa kabisa, ni wajibu wetu kama chuo kumfundisha kila mwanafunzi anayeingia hapa kujiandaa nayo, awe anasoma kompyuta, sheria au ushairi.