Kata Penye Jina: Programu Ndefu na Msomaji Wake



Naanza na shilingi 100. Chama kimoja cha akina mama huku Eastlands, Nairobi, huchanga shilingi 500 kila mwezi, mwisho tarehe 10. Anayechelewa hulipa faini ya 100. Hesabu hufanywa na programu inayosoma jumbe za M-Pesa. Mama mmoja alilipa tarehe 9 usiku, na bado akapigwa faini. Alionyesha ujumbe kwenye simu yake mbele ya wenzake, lakini programu ilisema kachelewa, na programu ndiyo iliyoaminiwa. Nikaombwa niikague.

Nilikuta funksheni moja, yaani kipande cha programu kinachoitwa kwa jina lake, ya mistari 312. Humo ujumbe unasomwa, mwanachama anatafutwa, risiti inatumwa, faini inapigwa, zamu ya mzunguko inasogezwa, yote mfululizo. Walioiandika walikuwa wengi, kila mmoja kachomeka yake katikati. Ukifika mstari wa 200, wa 20 umeshausahau.

Martin Fowler, katika kitabu chake cha mwaka 1999, *Refactoring*, alihesabu funksheni ndefu kuwa mojawapo ya dalili kwamba programu imeanza kunuka. Dawa ni kutoa kipande, kukipa jina, kisha kukiita kwa jina hilo, na matokeo yabaki yaleyale. Nendeni Kamukunji kwa mafundi wa masanduku ya shule. Komeo likikataa kufunga, hakuna anayelifumua sanduku zima, kwa kuwa kila mtu pale anajua komeo linaanzia wapi na kuishia wapi.

Kwanza niliandika majaribio: malipo ya tarehe 9, ya 10, ya 11, malipo pungufu, malipo mara mbili. Bila majaribio, kukata ni kubahatisha. Nikatoa `soma_ujumbe`, nikatoa `tafuta_mwanachama`, nikiendesha majaribio baada ya kila hatua. Nikafika kwenye faini. Mistari yake ilitegemea kigeu kimoja, `t`, na `hesabu_faini` ilihitaji kujua inapewa nini. Nikataka kuandika `tarehe_ya_malipo`. Nikapanda juu kufuata `t` inakotoka, nikakuta imebebeshwa vitu viwili. Mwanzoni ilikuwa tarehe ya malipo. Chini kidogo, kabla ya mistari ya faini, mtu aliyeongeza risiti alitia humohumo tarehe ya kutuma risiti. Siku hizo mtandao ulisumbua, risiti ikatoka tarehe 11, na faini ikapigwa kwa tarehe hiyo.

Kosa hilo lilipitiwa na macho mengi. Lilifichuka pale nilipolazimika kukitafutia jina kile kipande nilichokuwa nakitoa. Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wangu wasihesabu mistari. Wapo wanaosema funksheni isizidi mistari mitano. John Ousterhout, katika kitabu chake cha mwaka 2018, alionya kuwa kukatakata kupita kiasi humrusharusha msomaji kutoka kipande hadi kipande, na mimi naona yuko sahihi. Mkipata jina linalosema kweli yote ya kipande, kateni. Mkijikuta mnaandika `fanya_kazi_2`, acheni kwanza, kwa maana bado hamjakielewa.

Jambo moja zaidi, kwa sababu ndipo wengi hukosea. Sikurekebisha kosa wakati ninakata. Nilimaliza kupanga, faini ya uonevu ikiwa bado ipo, nikahifadhi kazi, kisha nikabadilisha mstari mmoja tu, ili atakayenifuata aone wazi ni wapi niliposogeza na ni wapi niliporekebisha.

Leo funksheni kuu ina mistari tisa, na mweka hazina wa chama, ambaye hajawahi kusomea kompyuta, aliisoma kwa sauti akaelewa kila jina. Yule mama alirudishiwa shilingi zake 100 katika kikao kilichofuata.