Kununua Programu au Kutengenezewa: Mada kwa Viongozi, Wahasibu na Makarani wa Vyama vya Msingi vya Kahawa, Moshi



Nimeombwa nizungumzie swali ambalo bodi nyingi za AMCOS, yaani vyama vya msingi, zinaliweka mezani: chama kinunue programu ya usimamizi iliyokwisha tengenezwa, kama Tally, QuickBooks au Odoo, au kimtafute fundi akitengenezee ya kwake? Msimamo wangu nautoa mapema ili mpate muda wa kuupinga. Hesabu za kawaida za chama zinunuliwe programu. Mapokezi ya kahawa na malipo ya mkulima yatengenezewe programu yake, iwe ndogo, na vyama vingi viigharimie pamoja. Mtu akiwaambia kwamba bidhaa yake moja inafanya yote mawili, mpelekeni kwanza kwenye mizani.

Mizani ndipo tofauti inapoanzia. Duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini hununua bati kwa bei inayojulikana, hulihifadhi stoo, kisha huliuza kwa bei inayojulikana. Programu za dukani zimejengwa kwa biashara ya namna hiyo. Ukiingiza mzigo, zinadai bei. Ukiiacha bei, zinakataa au zinaandika sifuri. Sasa mtazameni mama aliyeteremsha kilo 38 za kahawa iliyokauka, ikiwa bado na ganda lake la ndani. Chama hakijainunua kahawa ile. Kimeipokea. Anapewa malipo ya awali, kahawa inakwenda kiwandani kukobolewa, inapangwa katika madaraja ya AA, A, B, PB, C na mengineyo, inauzwa mnadani au kwa mnunuzi wa moja kwa moja, na hapo ndipo bei yake halisi inapojulikana. Baadaye zinatolewa gharama za usafiri na ukoboaji, ushuru wa chama, mkopo wa pembejeo, na kinachobaki kinamrudia mkulima kama malipo ya pili. Kati ya mizani na malipo hayo miezi inapita, na mara nyingine mwaka wa hesabu unakuwa umeshafungwa.

Karani akilazimishwa na programu ya dukani kuandika bei, ataandika kiasi cha malipo ya awali, maana ndicho anachokijua. Vitabu vitaonyesha kwamba chama kilinunua kahawa kwa bei ya chini na kikapata faida kubwa. Mwaka unaofuata, malipo ya pili yatajitokeza kama matumizi yasiyo na mzigo, na chama kitaonekana kimepata hasara. Faida haikuwepo na hasara haikuwepo. Fedha ilikuwa ya wakulima tangu mwanzo. Lakini mkutano mkuu utakaosomewa taarifa hiyo utakuwa na haki ya kukasirika, na mkaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, atakuwa na haki ya kuuliza.

Uzito nao una mambo yake. Ganda likitoka, kilo 100 hubaki takribani 80 za kahawa safi, hupungua au huzidi kidogo kulingana na ubora. Programu ya stoo itasema kilo 20 zimepotea. Mtu asiyeijua kahawa atatafuta mwizi. Kinachotakiwa ni programu inayoelewa kwamba mzigo umebadilika umbo, inayolinganisha kiwango cha ukoboaji cha shehena hii na za misimu iliyopita, na inayomtahadharisha meneja pale upungufu unapovuka mipaka ya kawaida. Hapo ndipo programu inapomlinda mkulima kweli.

Halafu kuna mwanachama mwenyewe. Katika programu ya dukani yeye ni mteja au muuzaji: jina, simu, salio. Huku kwetu milimani, Machame, Kibosho, Uru, Marangu mpaka Rombo, uanachama umefungamana na kihamba, yaani shamba la ukoo la kahawa na migomba. Namba ya chama inaweza kuwa ya baba aliyekwisha fariki, kahawa inavunwa na mjane, na kihamba kwa desturi kimebaki kwa mtoto wa mwisho ambaye yuko Arusha. Akina Massawe, Mushi na Shirima katika kijiji kimoja wanaweza kufanana majina yote mawili. Ni nani wa kupokea fedha? Nani ana kura? Nani anadaiwa pembejeo? Hakuna kampuni ya Bangalore au California iliyowahi kulifikiria swali hili, na hatuwezi kuilaumu. Ni letu. Naomba nisisitize jambo moja ambalo nalihisi sana: programu itakayotengenezwa itenganishe mwenye namba, mwenye kihamba na aliyeleta mzigo. Wanawake wengi wamebeba kahawa mgongoni miaka mingi kwa namba isiyo na jina lao, na tukihamishia leja kwenye kompyuta kama ilivyo, tutakuwa tumeuhamisha na ukimya huo.

Eneo la kihamba nalo limepata uzito mpya. Kanuni ya Umoja wa Ulaya Na. 2023/1115 kuhusu bidhaa zisizotokana na ukataji misitu inaigusa kahawa, na ingawa utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, wanunuzi wameanza kudai mahali kahawa ilipolimwa. Kwa mashamba yasiyozidi hekta 4, kanuni inaruhusu alama moja tu ya latitudo na longitudo badala ya kuchora mpaka wote. Vihamba vyetu karibu vyote viko chini sana ya kiwango hicho. Karani mwenye simu janja anaweza kuichukua alama hiyo akiwa amesimama kwenye migomba, bila kukodi mpimaji. Mkielezwa kwamba lazima kila kihamba kichorwe mipaka kwa gharama kubwa, ombeni muonyeshwe kifungu.

Mpaka hapa nimeipendelea programu ya kutengenezewa. Kwa upande wa vitabu vya hesabu maoni yangu ni kinyume kabisa. Leja kuu, usuluhishi wa benki, mishahara, uchakavu wa mali, urari na mizania havina Uchagga wala ukahawa ndani yake. Vinafanyika vilevile Moshi, Mombasa na Mumbai. Programu zilizouzwa kwa miaka mingi zimeshakutana na makosa mengi na kuyarekebisha. Wahasibu wanaozijua wanapatikana mjini, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika wanaweza kujifunza kwazo. Fundi anayeanza kuandika leja yake mwenyewe atayarudia makosa ambayo wengine waliyamaliza zamani, na atayarudia kwa fedha za wanachama. Kosa lililo baya kuliko yote ni la kuruhusu muamala ufutwe bila kuacha alama ya aliyeufuta.

Hata hivyo kununua si salama kwa asilimia mia. Mwaka 2023 kampuni ya Intuit iliifunga huduma yake ya QuickBooks nchini India, soko kubwa kuliko letu mara nyingi, na watumiaji wakalazimika kuhama. Tena ada za programu za intaneti hulipwa kila mwezi, hata miezi ambayo hakuna kahawa kwenye mizani.

Wapo watakaosema: mbona Serikali iliachana na Epicor, programu ya kununua iliyotumika miaka mingi kwenye hesabu za umma, ikajenga MUSE kwa wataalamu wake wa ndani? Ni kweli, na ni jambo la kujivunia. Lakini Wizara ya Fedha ina wataalamu walioajiriwa wanaobaki na mfumo ule kila siku. Chama cha msingi kina meneja, mhasibu na makarani wachache wa msimu. Fundi wetu mmoja akipata ajira Dar es Salaam, mfumo unabaki bila mwenyewe. Wazee wetu waliochimba mifereji ya maji mlimani waliweka utaratibu kwamba kila anayenywesha shamba lake atatoka na jembe siku ya kuisafisha, kwa sababu walijua kuchimba ni kazi ya mara moja na kusafisha ni kazi ya daima. Bajeti ya programu isiyo na fungu la matunzo ni mfereji usio na siku ya usafi.

Tufanye hesabu, kwa tarakimu za mfano tu. Tuseme kutengeneza programu ya mapokezi ni shilingi 25,000,000, na matunzo ni asilimia 20 kwa mwaka kuanzia mwaka wa pili, yaani 5,000,000. Kwa miaka 5 inakuwa 45,000,000. Chama kimoja hakitaki hata kulisikia. Vyama 20 vikiungana, kila kimoja kinabeba 2,250,000 kwa miaka yote 5, chini ya 40,000 kwa mwezi. Ndiyo maana nasema kazi hii ifanywe kupitia chama kikuu, au kupitia ushirikiano wa vyama kama ule wa G32 ulioundwa kutafuta soko. Chama kinachojitengenezea peke yake kinanunua umaskini.

Kuna mambo ambayo hayamo kwenye hiari yetu. MUVU, mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, vyama vinatakiwa kuutumia, kwa hiyo chochote mtakachochagua kisiwafanye makarani waandike takwimu zilezile mara mbili. Risiti za mashine za kodi za EFD za duka la pembejeo zinabaki. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inavihusu vyama: namba za NIDA, simu na akaunti za benki za wanachama si mali ya fundi, wala si za kutunzwa kwenye kompyuta yake ya nyumbani.

Hilo linanipeleka kwenye mkataba, na kwanza tukumbuke historia yetu. KNPA, chama cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ilianza 1925, na chama kikuu cha KNCU kikaandikishwa 1933. Mwaka 1976 vyama vikuu vilifutwa na zao likawa chini ya mamlaka ya Serikali. Sheria ya 1982 ikavirudisha. Mkulima yuleyule, kihamba kilekile, wasimamizi tofauti. Programu zitapita vivyo hivyo. Kwa hiyo mkataba useme wazi kwamba kumbukumbu zote zinaweza kutolewa wakati wowote katika majedwali ya kawaida yanayofunguka popote, kwamba msimbo, yaani maandishi yote yaliyoijenga programu, unakabidhiwa kwa chama kikuu pamoja na nywila zake kabla ya malipo ya mwisho, na kwamba kuna mtu wa pili anayeweza kuirekebisha. Fundi akikataa sharti hilo, msianze naye kazi.

Programu ya mapokezi ifanye kazi bila intaneti na bila umeme wa siku hiyo, izihifadhi kilo kwenye simu, kisha izitume mtandao ukirudi. Maandishi yake yawe ya Kiswahili. Mwanachama apate ujumbe wa simu, lakini stakabadhi ya karatasi iendelee, kwa kuwa wazee wengi wanaoishikilia kahawa yetu hawana simu ya kusoma ujumbe au wanasomewa na wajukuu.

Gharama iingie kwenye makisio na ipite mkutano mkuu. Kama kuna mkopo, usivuke ukomo wa madeni ulioidhinishwa. Msimu wa kwanza leja ya karatasi isiachwe. Kila jioni karani, meneja na mjumbe mmoja wa bodi walinganishe jumla ya kilo za leja na za programu, wasaini zote mbili, na tofauti ya hata kilo moja itafutwe usiku huohuo kabla gari halijashusha mzigo mjini.