Jiwe la Kijani na Rejesta Isiyosema: Utunzaji wa Vitu vya Heshima Mkoani Mara



Niliombwa nizungumzie vitu vya kale vya jedi vya China vilivyomo katika makumbusho. Jedi ni jina la mawe mawili: nefraiti, ambalo Wachina wamelichonga kwa maelfu ya miaka, na jedaiti, lililoingia huko kwa wingi kutoka Burma katika karne ya 18. Watu wa Liangzhu, karibu na Hangzhou, kati ya mwaka 3300 na 2300 KK, walitengeneza bi, duara bapa lenye tundu katikati, na cong, mraba kwa nje na mviringo kwa ndani. Patasi haifui dafu mbele ya jiwe hilo. Walilisaga kwa mchanga na maji, kisha wakazika wakubwa wao navyo.

Hapa kwetu, Makumbusho ya Mwalimu Nyerere pale Butiama, yaliyofunguliwa mwaka 1999, yanatunza zawadi alizopewa Mwalimu, ambaye alizuru China kwa mara ya kwanza mwaka 1965. Shule, parokia na koo za machifu nazo zina makabati yao. Huenda miongoni mwa vitu hivyo imo jedi, kwa hiyo suala lake linatuhusu, hata kabla hatujaona kipande kimoja.

Sasa nifike ninapoumia: rejesta za vitu hivyo. Nimefungua nyingi mno (ofisi sizitaji, sote tunatafuta ugali) zilizoandikwa: “Sanamu, kijani, zawadi.” Nani alitoa? Lini? Kwa shughuli gani? Kimya. Kila mwaka nauliza, najibiwa bajeti haijaruhusu, kana kwamba kalamu inahitaji kibali cha Hazina.

Kulitambua jiwe si kazi kubwa. Mawe ya sabuni ya Tabaka, kule Kisii, hukwaruzwa kwa ukucha. Nefraiti haikwaruziki hivyo, lakini tafadhali msijaribu kwenye kitu cha makumbusho. Pimeni uzito wake mkavu, kisha kikiwa kimening’inia majini. Uzito mkavu ugawanywe kwa kiasi kilichopungua. Nefraiti hutoa takriban 2.9 hadi 3.1. Kioo cha kawaida ni karibu 2.5. Chenye gundi, uzi au madini ya kupakwa kisiguse maji.

Lakini mizani haisemi umri, wala haimtaji mtoaji. Kaburi la Fu Hao, malkia wa China ya kale, lilipofukuliwa Anyang mwaka 1976, vipande vyake 755 vya jedi vilipata historia kwa sababu viliandikwa vikiwa mahali pake. Vingi vilivyouzwa Ulaya na Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 havina bahati hiyo, na wataalamu wanabishana hadi leo. Hata Mfalme Qianlong, mwenye hazina yote ya China, alidhani cong ni vipambo vya miti ya machela. Akaamuru mashairi yachongwe juu yake, na kuna kipande ambacho shairi limesimama huku mapambo ya kale yako kichwa chini. Kama ikulu ya Beijing ilipoteza kumbukumbu, kabati la mwalimu mkuu wa Bunda litajitetea vipi?

Napendekeza, kwa heshima zote kwa mamlaka husika, kila kitu kipewe namba, picha na vipimo. Mtoaji, tarehe na shughuli viandikwe. Wazee waliohudhuria makabidhiano wahojiwe mwaka huu, si mwakani. Neno “jedi” lisiandikwe kabla ya kupima; tuandike “jiwe la kijani”. Maofisa utamaduni wazitembelee koo zenye viti na fimbo za uchifu, waandike bila kuchukua kitu. Nakala ya rejesta ikae jengo jingine. Mtoaji aandikwe. Nimeshalisema, nalirudia kwa kuwa ndilo linalosahauliwa. Na anayehamishwa kituo asiondoke kabla hajakabidhi rejesta kwa maandishi, kitu kimoja kimoja, mbele ya shahidi.